Safari Yetu ya Nairobi Kutazama Nyumba za Jumuiya

Baadhi yenu mlisikia ya kuwa baraza la kanisa letu hapa milimani Taita lilituma watu watatu kwenda Nairobi kutazama nyumba za jumuiya, yaani nyumba zile zijengwazo ili watu wa mtaa mmoja wapate mahali pa kukutana, kujifunza, kulea watoto na kufanya mashauri yao. Tumekwisha kurudi salama, na baraza limetuagiza tuandike habari za safari hiyo, ili wenye nyumba na walimu wa mahali pengine wanaokusudia kujenga kama sisi wapate faida. Basi tutaandika tuliyoyaona, na mwisho tutaungama neno moja ambalo hatukupenda kuliandika, lakini tukiliacha habari zote hizi zitakuwa kama mtungi uliotoboka.

Shauri lenyewe lilianza hivi. Mzee mmoja wa kijiji chetu alitoa kipande cha shamba lake kando ya njia kuu, kiwe mali ya watu wote. Akina mama nao wakakusanya fedha muda wa miaka minne kwa kuuza kabichi na nyanya huko Voi na Mombasa. Fedha zilipotosha kuanza kazi, maneno yakazuka. Wazee walitaka ukumbi mkubwa wenye jukwaa, upate kukodishwa kwa arusi. Vijana walitaka uwanja wa mpira na chumba cha michezo. Akina mama walitaka tangi la maji na mahali pa kuwaacha watoto wadogo wakati wa kulima. Kila mtu alisema kweli, lakini kila mtu alisema peke yake. Ndipo mwenyekiti wa baraza akasema, "Ndugu zangu, kabla ya kugombana juu ya nyumba isiyosimama, na tutume watu wakatazame zilizosimama." Tukachaguliwa sisi tunaoandika, ambao ni katekista, pamoja na mwalimu mmoja mzee aliyestaafu, na mama mmoja ambaye ni mweka hazina wa akina mama.

Tulishuka mlima alfajiri, ukungu ukiwa bado umelala juu ya migomba, tukapita Mwatate hata Voi. Hapo tukapanda gari moshi la reli mpya, iliyofunguliwa mwaka 2017 kati ya Mombasa na Nairobi. Nyika ya Tsavo ilikuwa kavu, na ndovu tuliowaona walikuwa wekundu kwa udongo wa kwao. Mwalimu hakutazama ndovu sana. Alikuwa amesoma habari za nyumba za jumuiya katika nchi nyingine, akaona yafaa tuzijue kabla ya kufika.

Akatueleza ya kuwa mwaka 1884, katika mtaa wa Whitechapel upande wa mashariki wa London, kasisi mmoja jina lake Samuel Barnett na mkewe Henrietta walianzisha nyumba iitwayo Toynbee Hall. Walikuwa wamekaa katika mtaa ule wa maskini tangu mwaka 1873, wakaona ya kuwa sadaka itupwayo kwa mbali haimwinui mtu. Wakawaalika vijana wa vyuo vikuu vya Oxford na Cambridge waje wakae katikati ya maskini, wafundishe na kufundishwa. Mwaka 1888 mwanamke mmoja wa Marekani, Jane Addams, alikwenda kuitazama nyumba hiyo, kama sisi tulivyokuwa tukienda kutazama. Aliporudi kwao, yeye na rafiki yake Ellen Gates Starr wakafungua nyumba yao Chicago mwaka 1889, ikaitwa Hull House.

"Sasa sikilizeni neno lenyewe," akasema Mwalimu. "Mabibi wale waliingia katika mtaa wa wageni waliotoka Italia, Ujerumani, Urusi na nchi nyingine, wakiwa na picha nzuri na vitabu vizuri. Lakini jirani zao walikuwa na haja nyingine. Mama walikwenda kazini viwandani, na watoto walibaki peke yao. Basi mabibi wakafungua shule ya chekechea. Kisha wakaona watu hawana mahali pa kuoga, wakajenga bafu. Watoto hawana mahali pa kucheza, wakatengeneza uwanja. Mwaka 1895 wakatoa kitabu chenye ramani za mtaa, nyumba kwa nyumba, kuonyesha watu walitoka wapi na walipata mshahara gani. Hawakujenga kwa kukisia. Hata nyumba moja ikawa majengo 13."

Mama mweka hazina akauliza, "Na fedha za kila mwaka zilitoka wapi?"

Mwalimu akajibu ya kuwa hapo kwanza zilitoka kwa wafadhili, na siku za baadaye sehemu kubwa ilitoka serikalini. Jane Addams alipewa tuzo ya amani ya Nobel mwaka 1931, akafa mwaka 1935. Katika miaka ya 1960 majengo karibu yote yakabomolewa ili kupata nafasi ya chuo kikuu, yakabaki mawili tu. Chama chenyewe kiliendelea na kazi mahali pengine, hata Januari 2012 kikafungwa kwa kukosa fedha. Mama akatoa daftari lake, akaandika maneno machache, akalirudisha mkobani. Hatukumwuliza aliandika nini.

Tulifika Syokimau, tukaingia katika gari moshi dogo hata stesheni ya zamani katikati ya mji. Tukalala kwa ndugu zetu upande wa Makadara, ambao walitupokea vizuri sana.

Asubuhi yake tulikwenda Kaloleni. Mtaa huu ulijengwa katika miaka ya 1940, na katika waliofanya kazi ya kuujenga walikuwamo mateka Waitaliano wa vita kuu ya pili. Kabla ya siku hizo, serikali ya kikoloni ilimhesabu Mwafrika wa mjini kuwa mtu wa kupita, aliyehitaji kitanda tu, na mke na watoto wabaki mashambani. Kaloleni ilijengwa kwa fikira nyingine, ya kuwa mfanyakazi aweza kukaa na jamaa yake. Kwa hiyo nyumba zake ni za mawe na vigae, zisizo na ghorofa, zimepangwa kuzunguka nafasi ya wazi yenye miti, na katikati ya mtaa pana ukumbi wa watu wote. Siku hizi mabati yameongezwa katika nyua nyingi, kwa kuwa watu wamezidi, lakini mpango wa zamani bado waonekana. Mtu akisimama penye ukumbi aona ya kuwa njia zote zinamjia.

Tulisimama pale kwa muda mrefu. Mwalimu akasema, "Tazameni, aliyepanga mahali hapa alianza na miguu ya watu." Nasi tukakumbuka ya kuwa katika mabaraza yetu yote tulizungumza habari za urefu wa jukwaa na rangi ya mabati, wala hakuna aliyeuliza mama mwenye mtoto mgongoni atapita njia gani kufika.

Bibi mmoja mzee alikuwa ameketi kivulini. Tulipomwamkia "Shikamoo, Bibi," alitukaribisha, akatuuliza habari za kwetu. Tukamweleza. Akacheka kidogo, akasema, "Wanangu, ukumbi huu nimeuona ukiwa na mambo yote. Arusi, matanga, ngoma, mafunzo ya kushona, ngumi za vijana. Na siasa! Siku hizo wazee waliuita Bunge." Kweli ndivyo ilivyokuwa. Wakuu wa kikoloni walijenga kumbi za namna hii ili watu wapate chai na michezo, watulie. Lakini watu waliokatazwa kukutana mahali pengine waliona mlango uko hapa. Tom Mboya, aliyechaguliwa mwaka 1957 kuingia katika baraza la kutunga sheria kwa ajili ya Waafrika wa Nairobi, aliwakusanya watu wengi katika kumbi za mitaa hii ya mashariki. Nyumba ilijengwa kwa shauri moja, ikatumiwa kwa shauri jingine. Hili nalo mjenzi alijue. Mkiwapa watu nyumba, hamwezi kuwapa na mawazo ya kuwaza ndani yake.

Tukamwuliza Bibi, "Ni neno gani linaloiharibu nyumba ya namna hii?" Hakufikiri sana. Akasema, "Mlango kufungwa. Mvua haibomoi nyumba upesi kama kufuli."

Sisi tunaoandika tuliposikia hayo tulitazama chini. Sababu yake mtaiona mbele.

Hapo Kaloleni iko maktaba, tawi la ile maktaba kubwa ya McMillan iliyo katikati ya mji. Maktaba ya McMillan ilifunguliwa mwaka 1931, nyumba nzuri yenye nguzo kubwa na simba wa mawe, lakini kwa miaka mingi Mwafrika hakuruhusiwa kuingia kusoma. Mwaka 2017 wanawake wawili, Wanjiru Koinange na Angela Wachuka, walianzisha shirika la Book Bunk ili kuyatengeneza maktaba hayo pamoja na halmashauri ya mji, na tawi la Kaloleni likatengenezwa, likafunguliwa tena. Si jengo kubwa. Kwetu lingehesabiwa kuwa dogo kwa arusi. Lakini mwanga waingia vizuri, na watoto waliotoka shule walikuwa wakiingia wawili wawili, wakiweka mikoba chini, wakifungua vitabu. Mtoto mmoja alisoma kwa sauti ndogo, kidole juu ya mstari, na mdogo wake akamtazama mdomo. Mama mweka hazina akatuambia, "Hawa hawahitaji jukwaa." Akaandika tena katika daftari lake.

Siku ya pili tulikwenda Pumwani, mtaa wa zamani zaidi, uliotengwa kwa ajili ya Waafrika mwanzoni mwa miaka ya 1920. Hapo watu walijijengea nyumba zao wenyewe, Waislamu na Wakristo, watu wa makabila mengi, na Kiswahili kikawa lugha ya majirani wote. Ukumbi wa Pumwani ulijengwa katika miaka hiyo ya 1920 kuwa ukumbusho wa Waafrika waliokufa katika vita vya 1914 mpaka 1918. Wengi wao hawakushika bunduki. Walikuwa wapagazi, wakafa kwa njaa na maradhi njiani, nao ndio waliouacha jina lao pale Kariokor mjini Nairobi na Kariakoo ya Dar es Salaam. Vita hivyo vilipita kwetu Taita pia. Watu wa Kasigau walihamishwa mwaka 1915 wakapelekwa upande wa Malindi, mbali na makaburi ya baba zao, na miaka mingi ikapita kabla ya kurudi. Basi tulipolitazama jengo lile tulikuwa kimya. Tulifikiri ya kuwa ni neno jema kuwakumbuka wafu kwa nyumba ambayo walio hai wakutana ndani yake, kuliko kwa jiwe lililosimama peke yake.

Katika mtaa huo huo kanisa la Mtakatifu Yohana lina nyumba yake ya jumuiya, iliyoanza mwaka 1957, wakati wa hali ya hatari, vijana wengi walipokuwa hawana shule wala kazi. Hata leo hufundisha vijana kazi za mikono na kuwasaidia watoto wa jamaa zisizo na kitu. Jambo tulilolifikiri zaidi ni hili, ya kuwa majirani wa kanisa hilo wengi ni Waislamu. Katika kijiji chetu ndugu mmoja aliwahi kusema, "Nyumba ikijengwa na akina mama wa kanisa, wasiosali nasi wataingiaje?" Jioni ile tuliongea juu ya neno hilo. Mwalimu akasema, "Mzee aliyetoa shamba alisema liwe la watu wote. Hakusema la wote wanaosali nasi. Tukiandika vingine, tutakuwa tumemwibia." Hatukuwa na jibu la kushindana naye.

Siku ya tatu Mwalimu alituomba tufike Kabete, ingawa alijua ya kuwa hakuna nyumba ya jumuiya huko. Mwaka 1925 palifunguliwa hapo shule iliyoitwa Jeanes, kwa jina la Anna Jeanes, mama wa Philadelphia aliyetoa dola 1,000,000 mwaka 1907 kwa ajili ya shule ndogo za watu weusi katika mashamba ya kusini mwa Marekani. Huko Marekani mwalimu wa kwanza wa kazi hiyo, Virginia Randolph, alikwenda toka shule hata shule akiwasaidia walimu na wazazi kutengeneza nyua, kupanda miti na kufundisha kazi za mikono. Kabete ikaufuata mfano huo. Mwalimu aliyekwenda kusoma alikwenda pamoja na mkewe na watoto wake, wakapewa nyumba na bustani. Mume alijifunza kazi yake, na mke alijifunza kulea watoto, kupika na kushona. Kisha wakarudi makwao, wakawa wakizunguka katika shule za vijijini. Baadaye, mwaka 1961, mahali pale pakawa chuo cha watumishi wa serikali, na chuo cha serikali kipo hata leo.

Tulisimama njiani tukitazama miti tu, maana mengi ya zamani hayaonekani. Mwalimu akasema, "Nimewaleta hapa ili mwone ya kuwa yaliyobaki si kuta. Mimi nilifundishwa kusoma na mwalimu aliyefundishwa na mmoja wa watu hao. Alitufundisha na kuchimba choo. Kama hatuna mtu wa kukaa ndani ya nyumba yetu, kuwapokea watoto, kuandika daftari, kufagia na kuwasha taa, tusijenge."

Basi tukarudi. Katika gari moshi hatukusema sana. Sasa yatupasa kuungama neno lile.

Wasomaji, kijiji chetu kina ukumbi tayari. Ulijengwa zamani kidogo, ukafunguliwa kwa shangwe na ng'ombe wawili. Wengine wamesahau kuuita nyumba ya jumuiya, kwa sababu haukutumiwa. Mikutano michache, arusi chache, kisha mbuzi wakaupenda ukuta wake wa kivuli. Ufunguo ulikuwa kwetu sisi tunaoandika. Tulipewa kwa heshima, tukautunza kwa heshima, hata ukawa hautoki mfukoni. Tulijiona waaminifu, maana viti vyote 60 vilikuwa vizima.

Miaka sita iliyopita vijana watano walikuja kwetu jioni. Walikuwa wakijitayarisha kwa mtihani, na nyumbani kwao taa ilizimwa mapema kwa kubana mafuta. Wakaomba kusoma ukumbini. Tukawauliza ni nani atakayelipa kiti kikivunjika. Wakasema hawana cha kulipa. Tukawaambia warudi baraza likikaa. Baraza lilikaa baada ya miezi miwili, na mtihani ulikuwa umepita. Mmoja wao, kijana mwenye akili nyingi, hakufaulu, akaacha shule, akashuka kwenda kuchimba vito upande wa Kasigau. Hatusemi ya kuwa ni ukumbi tu uliomshusha. Lakini hatuwezi kusema ya kuwa mlango ule haukuwa na neno.

Tuliporudi kutoka Nairobi tulimtafuta. Alikuja kutuamkia na vumbi la machimbo bado likiwa katika nywele zake. Tukamweleza yote, tukamwomba msamaha. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Baba, mimi sikuomba ukumbi. Niliomba mahali penye taa." Tukamsihi aje barazani aseme neno hilo mbele ya wote. Akakataa mara mbili, na mara ya tatu akakubali.

Baraza lilipokaa tulitoa habari zetu, kisha kijana akasimama akasema maneno yake, machache kama alivyotuambia sisi. Watu wakakaa kimya. Mama mweka hazina akafungua daftari lake akasoma. Alikuwa ameandika mambo manne tu: miguu ya watu, taa, fedha ya kila mwaka, nani ana ufunguo. Akaongeza, "Mabibi wa Chicago walikuwa na majengo 13, na fedha ilipokwisha chama chao kilifungwa. Sisi tuna moja, nasi tumeliacha kwa mbuzi. Mimi fedha za akina mama sizitoi kwa jukwaa."

Mzee mmoja alikasirika, akasema tumeaibisha kijiji kwa kukataa ukumbi mkubwa. Tukamwachia aseme mpaka mwisho, maana naye alikuwa ametoa jasho lake. Kisha yule mzee aliyetoa shamba akasema, "Shamba langu haliozi. Tengenezeni la zamani kwanza. Likijaa watu hata wakasimama nje, ndipo mje mjenge kwangu." Hapo shauri likakatwa.

Basi haya ndiyo tuliyoyakata, nasi twayaandika ili yasaidie wengine.

Kwanza, kabla ya kupiga tofali tulihesabu watu. Kwa wiki moja vijana waliketi njiapanda na daftari, wakaandika ni nani apitaye, saa gani, na kwa kazi gani. Tukaona ya kuwa asubuhi njia ni ya akina mama na watoto, alasiri ni ya wanafunzi, na usiku ni ya vijana wasio na mahali pa kwenda. Nyumba moja yaweza kuwatumikia wote, kila mtu kwa saa yake.

Pili, chumba kikubwa kitagawanywa. Upande mmoja utakuwa wa watoto wadogo asubuhi na wa kusomea jioni, wenye madirisha mapana, rafu za vitabu na taa ya sola. Sehemu inayobaki yatosha kwa mikutano na arusi zetu.

Tatu, maji. Paa lina urefu wa mita 20 na upana wa mita 8, yaani eneo la mita 160 za mraba. Mvua ya milimita moja juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Basi mvua ya milimita 10 yaleta lita 1,600, na tukitoa zinazopotea, zaidi ya lita 1,200 zaweza kuingia tangini. Maji hayo yote tulikuwa tukiyaacha yatoboe njia ya jirani. Vyoo pia vitachimbwa, vya wanaume mbali na vya wanawake, maana nyumba isiyo na choo huwafukuza wasichana wakubwa kwanza.

Nne, fedha. Arusi na mikutano ya vyama italipa, lakini kusoma na kulea watoto hakulipiwi ukumbi. Katika kila shilingi kumi zinazoingia, tatu zawekwa kando kwa matengenezo, wala haziguswi kwa karamu. Hesabu zabandikwa mlangoni kila mwezi, kwa kuwa mali bila daftari hupotea bila habari.

Tano, mali. Hati ya mahali imeandikwa kwa majina ya wadhamini, wala si kwa jina la mtu mmoja, na ndani yake yamewekwa maneno ya kuwa nyumba ni ya watu wote wa kijiji, wa dini zote.

Sita, ufunguo. Funguo ni tatu: mmoja kwa akina mama, mmoja kwa vijana, mmoja kwa mwenyekiti. Sisi tunaoandika hatuna. Siku ile tuliutoa mfukoni mbele ya baraza, tukaona jinsi kitambaa cha mfuko kilivyokwisha kuchakaa mahali pake.

Enyi wazazi na walimu, huenda kwenu pia iko nyumba iliyofungwa, chumba cha shule ambacho jioni ni tupu, au vestri iliyojaa viti vilivyovunjika. Msianze kwa kuomba fedha mbali. Wazungukeni kwanza majirani zenu, mkawaulize wanahitaji nini na saa ngapi. Mwulizeni mama, mwulizeni mtoto, mwulizeni yule kijana msiyependa kumwuliza. Wazee wetu walisema ya kuwa nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Lakini ni nani atakayeingia, ikiwa mwenye ufunguo amekwenda shamba?

Tunapoandika haya chumba cha kusomea kimefunguliwa wiki ya tatu sasa. Usiku wa jana walikuwako watoto 14. Kiti kimoja kimekwisha kuvunjika mguu, na kijana wetu wa machimbo, aliyepanda kututembelea siku ya Jumamosi, amekipigilia msumari.

Kwaherini, ndugu zetu. Mkipata neno katika jambo hili huko kwenu, liwe jema au baya, tuandikieni nasi tujifunze.